Barabara Iliyofungwa, Hongo na Mkuki: Ninayoyangoja katika The Elder Scrolls VI

(Hotuba iliyotolewa Tabora mjini mbele ya vijana wapenzi wa gemu na wazazi wao, na baadaye kuandikwa na msemaji mwenyewe.)

Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, kaka na dada zangu wa Isevya, Ng'ambo, Kanyenye na Kiloleni, na ninyi wageni wetu wa Kigoma mlioshuka na treni bila hata mgebuka mmoja wa zawadi: mwangaluka!

Mmeitikia vizuri. Basi hakuna aliyelala.

Nimeombwa niseme machache juu ya gemu ambayo haijatoka. Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni: "Mwanangu, utahutubiaje kitu ambacho hakuna aliyekiona?" Nikamwamkia, nikamwambia, mzee wangu, mbona mahari tunaijadili na bibi arusi yuko ndani hajatoka? Akacheka, akaingia. Yule pale karibu na dirisha.

Kwanza tuelewane na wasiocheza. Ukisema gemu hapa mjini, picha inayowajia wengi ni kibanda chenye televisheni mbili, vijana wanacheza mpira wa PS kwa zamu huku wakibishana Simba na Yanga. Hizo nazo ni gemu, tena ndizo zinazonilipia kodi ya fremu, siwezi kuzisema vibaya. Ninayoizungumzia leo ni ya namna nyingine. Unamuumba mtu wako, unampa sura, kabila na jina, kisha unaachiwa nchi nzima: milima, miji, mapango, majoka, wachawi, wenye maduka. Hakuna dakika tisini. Ukitaka kupambana na joka, haya. Ukitaka kuchuma majani ya dawa na kuyauza mjini, hakuna wa kukugombeza. Mama mmoja ameniuliza kama mle ndani kuna mambo ya kishirikina. Mama, yamo, kama yalivyokuwamo kwenye hadithi za sungura na zimwi ulizowasimulia hawa hawa. Cha kumwuliza mwanao ni kama amefua na kama amesoma.

Mfululizo wenyewe unaitwa The Elder Scrolls, unatengenezwa na Bethesda, watu wa Maryland kule Marekani, na ulianza mwaka 1994. Nchi yake ya kufikirika inaitwa Tamriel, na matoleo mengi huingia pande moja ya nchi hiyo. Morrowind ilitoka 2002, Oblivion 2006, Skyrim tarehe 11 Novemba 2011. Hiyo Skyrim imeuza nakala zaidi ya milioni 60, na bado watu wanaicheza.

Ya sita ilitangazwa Juni 2018. Trela yake haifiki dakika moja: milima, pwani kwa mbali, ngoma zinapiga, jina linatokea, kwisha. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule ameshamaliza la saba na yuko sekondari. Gemu bado. Mwaka 2023, mahakamani Marekani, Phil Spencer, bosi wa wakati huo wa Xbox, tawi la gemu la Microsoft wenye Bethesda, aliulizwa, akasema huenda ikachukua miaka mitano au zaidi kutoka siku ile. Machi 2024, mfululizo ulipotimiza miaka 30, Bethesda wakaandika kwamba wao wenyewe wameshaanza kucheza matoleo ya awali ya gemu hiyo. Mtambo utakaoiendesha unatokana na Creation Engine 2, ule ulioendesha gemu yao ya anga za juu, Starfield, ya Septemba 2023. Mahali hadithi itakapotokea hapajatangazwa; washabiki wengi wanaotea Hammerfell, nchi ya jangwa na bandari.

Na kuna jambo moja limethibitishwa ambalo wazee mtalifurahia. Kuna bibi wa Kimarekani, Shirley Curry, aliyejulikana YouTube kwa kucheza Skyrim na kuwaita watazamaji wake wajukuu. Washabiki wakaomba awekwe kwenye toleo lijalo, na mwaka 2019 Bethesda wakakubali. Kwa hiyo hatujui kama kutakuwa na farasi, hatujui kama kutakuwa na meli, lakini bibi tunajua yumo.

Haya, sasa nije kwenye langu.

Kila ikitajwa gemu mpya, swali la kwanza la vijana wangu fremuni ni hili: "Kaka, ramani yake kubwa?" Mimi nasema ukubwa ulishajaribiwa. Mwaka 1996 Bethesda hao hao walitoa Daggerfall, na eneo lake hutajwa kuwa karibu kilomita za mraba 160,000. Mkoa wetu wa Tabora, ambao ni mkubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania, una kilomita za mraba 76,000 na ushee. Yaani Daggerfall inatumeza mara mbili. Sasa toka mji mmoja kwenda mwingine kwa miguu mle ndani. Utatembea, utatembea, utatembea. Nyasi. Ardhi ile ilimwagwa na kompyuta kwa hesabu, haikupangwa na mkono wa mtu, na katikati ya mji na mji hakuna kitu cha kukusimamisha. Skyrim ni kama kilomita za mraba 37 tu, lakini kila baada ya hatua chache kuna moshi wa mtu anayepika, kuna mnara, kuna mtu amekufa na barua mfukoni. Halafu miaka kumi na mbili baadaye wakarudi kule kule: Starfield ikaja na sayari zaidi ya 1,000, na lawama kubwa ya wachezaji ikawa kwamba nyingi ni tupu, na kila mlango unakungojesha kwenye skrini ya kupakia.

Kwa hiyo mimi sitaki ramani kubwa. Nataka njia. Na sisi wa Tabora na Kigoma, kama kuna watu duniani wenye haki ya kuongea juu ya njia, ni sisi.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, watu walizitembea. Unyanyembe, hapa hapa tulipokaa, ndipo misafara ilipopumzika, ikagawanyika, ikatafuta wapagazi wapya. Sasa angalieni kilichotokea 1871. Mirambo wa Urambo akagombana na Waarabu wa hapa, akaifunga barabara ya Ujiji. Stanley alikuwa yuko hapa anamtafuta Livingstone, ana mizigo, ana watu, ana haraka. Akaingia vitani upande wa Waarabu, wakapigwa. Njia ya moja kwa moja hakuna tena. Ikabidi azungukie kusini, porini, akafika Ujiji karibu na mwisho wa mwaka. Na popote alipopita kwenye nchi ya mtemi alitozwa hongo, ushuru wa njia: nguo kadhaa, shanga kadhaa, mnabishana siku nzima, ndipo unapita.

Nikitazama habari ile kama mchezaji, naona gemu tupu. Mtu mmoja mwenye nguvu ameamua jambo, na safari ya kila mtu imebadilika. Bei ya pembe imebadilika. Mtu anayejua njia ya kusini amekuwa wa thamani ghafla. Huwezi kubonyeza ramani ukatokea Ujiji.

Katika Skyrim unaweza. Ukishafika mahali mara moja, unabonyeza, umerudi. Na vita imo mle: waasi wa Stormcloak wanapigana na dola ya Imperial, ndiyo habari ya mjini kila kona. Unajiunga na upande mmoja, unateka ngome, mnashinda. Halafu? Askari wa langoni wamebadilisha sare. Baadhi ya watawala wamebadilishwa. Muuza mkate anauza mkate bei ile ile, barabara iko wazi kama jana, na hakuna mkimbizi aliyepiga hodi kwako. Ndugu zetu wa Kigoma mliokaa jirani na kambi za wakimbizi miaka yote hii mnajua vita ya nchi ya jirani inavyofika sokoni. Hilo ndilo ninalolingoja kwa hamu kuliko joka lolote: vita inayofunga njia, inayopandisha bei ya chumvi, inayoleta watu wapya kijijini.

Misafara nayo. Skyrim ina misafara ya Khajiit, watu wenye sura ya paka, wanaokwenda mji hadi mji na kupiga kambi nje ya lango kwa sababu hawaruhusiwi kuingia ndani. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema, hapa ndipo! Kumbe unaweza kununua na kuuza tu. Huwezi kuajiriwa, huwezi kubeba mzigo wao, huwezi kuwa kiongozi wa msafara ukaamua tulale hapa au tusogee. Mimi ni mjukuu wa Wanyamwezi, nipeni mzigo! Mpagazi wa zamani alibeba kama kilo 30 kichwani au begani, wiki nenda wiki rudi, na kazi ile ilikuwa heshima. Kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado mtoto. Sasa angalia mtu wako wa Skyrim: anaanza na uwezo wa kubeba 300, mfupa mmoja wa joka unakula 15, ukizidisha anatambaa kama kobe na ile safari ya kubonyeza inakataa. Hapo nawasifu. Lakini sarafu hazina uzito hata kidogo! Unatembea na dhahabu ya kununua mji mzima na mfuko haulegei. Mwizi wa njiani naye anaukosaje utajiri huo, sijui. Wangeipa sarafu uzito, ghafla ungehitaji punda, ungehitaji mlinzi, ungehitaji mtu wa kuaminika wa kukuwekea mali mjini. Jambo dogo, lakini linazaa hadithi kumi.

Jambo la pili ni kuuliza njia. Wadogo zangu, ninyi mmeanza na Skyrim, mnafuata kialama kwenye dira. Kinakuambia geuka, unageuka. Kinakuambia mtu yuko hapa, unamchoma. Hukuwahi kumuuliza mtu yeyote kitu. Morrowind haikuwa hivyo. Unaanzia kijiji cha bandari kiitwacho Seyda Neen, umetoka kifungoni, unapewa furushi la karatasi: nenda Balmora, umtafute Caius Cosades. Wapi Balmora? Uliza. Unaweza kulipa nauli upande mdudu mkubwa wa miguu mirefu mpaka huko, au utembee. Unafika. Wapi nyumba ya Caius? Unaelekezwa klabu moja, South Wall, ndiko wanakomjua. Unaingia kilabuni, unauliza, ndipo unaonyeshwa mlango. Na maelezo ya safari nyingine yanaandikwa kwenye daftari lako kwa maneno: fuata mto, pita daraja, kata kushoto. Wakati mwingine yule aliyekuelekeza hakueleza sawasawa, unapotea, na huko ulikopotea unakuta pango ambalo hukuwa ukilitafuta.

Hivi ndivyo tunavyoelekezana Tabora mpaka leo. "Fuata miembe, ukifika msikitini uliza." Nawaomba Bethesda waturuhusu angalau kuzima kile kialama, na maongezi ya watu yatoshe kutufikisha. Kuzima tu haitoshi. Kwenye Skyrim ukikizima umepotea kweli, maana anayekutuma hakuelezi lolote la maana. Anajua kialama kitafanya kazi yake.

Tatu, watu wenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Tangu Oblivion, wakazi wa mle wana ratiba. Asubuhi anafungua duka, mchana anakula, jioni anaenda kunywa, usiku analala. Mwaka 2006 lilikuwa jambo la ajabu, kompyuta zetu hazikuwa zimeona. Lakini akili ya watu wale ina mashimo. Katika Skyrim, wachezaji waligundua kwamba ukichukua ndoo ukamvika muuza duka kichwani, haoni. Anaendelea kusimama hapo hapo, ndoo mpaka mabegani, wewe unakomba rafu zote. Ukimvua anakukaribisha tena kwa adabu. Nimecheka mpaka machozi. Tena ukienda kijiji cha Riverwood ukaua kuku mmoja, kuku mmoja tu, kijiji kizima kinakujia na mashoka. Umekuja kupambana na majoka kwa ajili yao, wanakuua kwa sababu ya kuku!

Wapo wanaosema hilo lirekebishwe. La kuku liachwe! Kuku wa watu ni kuku wa watu. Ninachotaka ni kwamba waliokasirika kwa ajili ya kuku wakumbuke pia mema. Nimemrudishia mzee pete ya ukoo wake, ananishukuru kwa sentensi moja na kesho ananisalimia kama mpita njia. Mwanae hajui. Jirani hajui. Hapa kwetu ukimsaidia mtu Jumatatu, Ijumaa wifi yake wa Nzega ameshapata habari, tena imeongezwa chumvi. Sifa iende kwa miguu, ichelewe, ipotoshwe njiani. Nifike mji wa mbali nikute wananijua kwa jambo ambalo sikulifanya. Hiyo ingenifurahisha kuliko picha zenye kung'aa.

Picha nazo zitakuwa nzuri, hilo tuliache.

Nne, mkuki. Mnacheka, lakini nina hoja. Morrowind ilikuwa na mkuki kama ujuzi kamili: unajifunza, unapanda daraja, una mikuki ya aina aina. Oblivion ilipokuja ukafutwa kwenye orodha, na Skyrim haukurudi. Tukabaki na panga, shoka, rungu na upinde. Nchi nzima, majoka yanaruka, hakuna mtu aliyefikiria kuchonga mti mrefu na kuuwekea chuma mbele! Katika kufuta huko walifuta pia uwezo wa kuelea angani, na Skyrim ikaondoa ule uwezo wa kujitungia uchawi wako mwenyewe kwa kuchanganya nguvu hii na ile. Kila toleo lilikuwa jepesi zaidi kuingia na lenye vyumba vichache zaidi ndani. Naelewa biashara. Ila sasa wamekaa nayo miaka mingi, wana pesa za Microsoft iliyowanunua na kukamilisha mnunuo Machi 2021. Mkuki mmoja hautawafilisi.

Kitu kimoja cha Skyrim wasikiguse: unakuwa kile unachokifanya. Ukipiga sana nyundo kwa mhunzi, uhunzi unapanda. Ukinyata sana, unakuwa mnyataji. Hakuna anayekulazimisha mwanzoni uchague kazi moja.

Tano, mfuko wetu. Mwaka 2011 Skyrim ilihitaji GB 6 kwenye kompyuta. Aprili 2025 walipoitoa upya Oblivion, iliyopambwa, ikahitaji GB 125. Wenye bando mnajua hesabu hiyo, na wenye LUKU inayosoma vijiti viwili mnajua zaidi. Wenye PS msikate tamaa mapema. Hiyo Oblivion mpya ilifika mpaka PS5 ingawa wenye mali ni Microsoft. Na msilipe kabla gemu haijatoka. Desemba 2020 gemu moja iliyongojwa miaka mingi, Cyberpunk 2077, ilitoka na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao ndani ya wiki moja hivi na kurudisha watu pesa. Ilirudi Juni 2021. Waliosubiri zaidi waliikuta imetengenezwa. Pia mkumbuke Bethesda ndio waliouza vazi la chuma la farasi kwa dola 2.50 mwaka 2006. Farasi hakuwa na haja nalo.

La mwisho, na mwenyekiti naona unatazama saa. Skyrim ilitoka na Kifaransa, Kijerumani, Kipolandi, Kirusi, Kijapani, Kiswahili hakuna. Haiwezekani? Aprili 2024 ilitoka gemu ya Tales of Kenzera: Zau, na wahusika wake unaweza kuwasikia wakiongea Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Na Bethesda wana desturi nzuri ya kuachia vifaa vyao: Morrowind ilikuja na zana zake za ujenzi, Skyrim ikapata zake Februari 2012. Kundi la Wajerumani waitwao SureAI walizichukua zana hizo wakajenga gemu nzima nyingine juu ya Skyrim, Enderal, wakaitoa bure mwaka 2016. Wengine wamekaa zaidi ya miaka ishirini wakiijenga nchi iliyobaki ya Morrowind, kijiji kwa kijiji, bila mshahara. Kwa hiyo hatuna sababu ya kungoja Maryland watufikirie.

Nina kompyuta moja pale fremuni yenye Skyrim na zana zake. Tutaanza kuandika maongezi ya Riverwood kwa Kiswahili, cha Tabora, na wa Kigoma mnakaribishwa kubishana. Anayeandika vizuri aje Jumamosi saa kumi jioni na flashi yake. Soda anywee nje, kibodi ni moja.